Masikio ya Boqe

Tulimwacha Dida amesimama mbele ya kishoroba cha mbao cha kubania ng'ombe kule karantini ya mifugo ya Isiolo, mkono wake juu ya kichwa cha ng'ombe mwekundu mwenye sikio lililochanwa na risasi. Nyuma yake Inspekta Rimberia alikuwa ameuliza swali moja tu, na sasa analirudia.

"Nimesema, msomi, masikio haya ni ya nani?"

Jasho lilimshuka Dida kutoka chini ya ile kofia pana aliyopewa na Daktari Pringle, mzungu aliyemwajiri, likamwingia machoni.

"Kwani umemeza ulimi? Juzi hapa ulikuwa unapiga mdomo kama redio."

Kweli alipiga mdomo. Alipiga mbele ya Inspekta mwenyewe, kikombe cha chai mkononi. "Nileteeni ng'ombe yeyote wa Borana," alisema, "nitazame masikio tu, nitawaambia ametoka boma gani." Kila boma la Waborana lina mkato wake katika sikio moja: huyu hutoboa, yule huchana ncha, mwingine hupiga mapengo mawili ubavuni mwa sikio. Dida aliyajua masikio hayo kabla hajajua herufi. Daktari Pringle alicheka kwa furaha. Inspekta hakucheka. Aliweka kikombe chini, akamtazama kijana yule kama mtu anayetazama panga dukani.

Leo alikuwa amekuja kulichukua panga lake.

"Sikiza vizuri," Rimberia alisema. "Jana alfajiri lori limechomwa barabara ya Ngaremara. Dereva amekufa, utingo amekufa. Vijana wangu wamefuata nyayo, wamekuta shifta mmoja na ng'ombe huyu. Wamempiga risasi ya bega. Yuko pale." Alinyoosha kidole kwenye lori la polisi lililofunikwa turubai. "Tangu jana hajafungua mdomo. Sawa, anyamaze. Ng'ombe wake atasema. Nikijua masikio haya ni ya boma gani, ng'ombe wote wa boma hilo nawachukua leo, na wenyewe wanalala ndani."

Ng'ombe alipumua. Pumzi yake ya moto ilipita kwenye kiganja cha Dida, na ulimi ukatoka kutafuta chumvi.

Boqe! Baka jeupe katikati ya paji la uso, pembe ya kushoto imeinama kidogo. Dida ndiye aliyemkata sikio akiwa ndama, kwa kisu cha baba yake, na baba akimshika mkono usitetemeke.

Shifta wamemwibia Aabo, alijiambia upesi. Ndiyo. Wamemwibia baba usiku, wakamsukuma porini. Hakuna neno jingine.

Lakini angelisemaje hilo? Katika karatasi zote za karantini Dida alikuwa ameandikwa mtu wa Marsabit, asiye na ndugu Isiolo. Uongo huo aliutunga mwenyewe, na aliutunga kwa sababu alikuwa amefika mwisho.

Wanafunzi wenzake kule Skotland walikuwa wamepata mahali pa kufanyia kazi likizo ya kiangazi kabla theluji haijayeyuka. Mmoja alikwenda kwenye shamba la mjomba, mwingine kwa daktari rafiki wa baba. Dida hakuwa na mjomba Skotland. Aliandika barua mpaka vidole vikaingia wino, na majibu yalikuwa ya adabu sana: mwaka huu tumejaza, tunakutakia mema. Mkulima mmoja alimkubali kwa simu, akamwona uso kwa macho, akakumbuka ghafla kwamba nafasi imeshachukuliwa. Profesa wake akamwita ofisini. "Bwana Dida, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo asiyefanya kazi ya utafiti likizo hii haingii mwaka wa nne. Anarudi kwao."

Kisha jina la Pringle likatokea. Utafiti wa homa ya mapafu ya ng'ombe, Isiolo, Kenya. Isiolo! Mtoto wa Isiolo alizunguka dunia kuomba kibarua, kibarua kilikuwa nyuma ya boma la baba yake. Ila kulikuwa na sharti moja la wakati huu wa vita na shifta, waasi wa porini: hatakiwi mtu mwenye jamaa ndani ya kambi ambamo serikali iliwafungia Waborana. Dida akajitupa Marsabit kwa mstari mmoja wa kalamu.

"Msomi!"

"Nasoma, afande," Dida alijibu. "Risasi imechana. Si rahisi."

Na hapo akaona mlango. Risasi ilikuwa imekula nusu ya mkato. Pengo moja lilibaki ubavuni mwa sikio, na pengo moja hilo lingeweza kuwa la boma la baba yake, linalopiga pengo moja na kuchana ncha, au lingeweza kuwa la mtu mwingine mmoja tu: Mzee Galma. Mzee Galma, rafiki wa baba, hakuwa na mtoto. Wakati Dida yuko ng'ambo alihamia upande wa Moyale na mifugo yake, akafia huko. Ni nani wa kumfunga marehemu? Ni ng'ombe gani wa kutwaa?

"Ni masikio ya Galma," alisema, na sauti yake ilitoka imara mpaka mwenyewe akashangaa. "Mapengo mawili. Moja limekwenda na risasi."

"Galma yuko wapi?"

"Nasikia alikufa, afande."

"Ng'ombe wake hawakufa." Rimberia aligeuka. "Emuria! Fungua zizi. Kila ng'ombe apite hapa mbele ya msomi. Wenye mapengo mawili, weka kando."

Ng'ombe wote wa kambi walikuwa wameletwa karantini asubuhi hiyo ili watolewe damu. Huko nje ya seng'enge wanawake wa kambi walikuwa wamekaa juani na vibuyu vyao, wakingoja kukama utafiti ukiisha. Dida alivuta pumzi. Wapite tu. Hatapatikana hata mmoja, Inspekta atachoka, atakwenda.

Wakapita. Sikio lililotobolewa. Sikio lenye ncha iliyochanwa. Emuria, askari mrefu kutoka Ngaremara, aliwachapa kwa kijiti huku akitania. "Pita, mama. Pita uone daktari. Huyu Mborana wetu amesoma mpaka masikio."

Kisha akapita mweupe mwenye kiwele kilichojaa. Mapengo mawili.

Dida alidhani jua linamchezea. Akafuta macho. Nyuma ya mweupe akaja wa kijivu. Mapengo mawili. Nyuma yake ndama, na mkato wake bado mpya.

"Aha!" Rimberia alipiga paja. "Maiti anafuga, jamani! Weka kando. Weka kando wote!"

Kutoka nje ya seng'enge mwanamke alipiga ukelele.

Wasomaji wangu, mnamkumbuka Dahabo, dada mkubwa wa Dida. Ni yeye aliyekuja kwenye seng'enge hiyo hiyo wiki ya kwanza, mtoto mgongoni, akamwita ndugu yake kwa sauti ya chini. Dida alimwendea akitazama huku na huku kama mwizi. Wakasalimiana. Watu wazima? Nagaa, salama. Aabo? Salama. Ng'ombe? Salama, wote salama. "Njoo nyumbani ukae," Dahabo alimwambia, "unywe maziwa." Dida akasema ana kazi, akaenda zake na moyo mweupe.

Mborana gani huyo! Skotland ilikuwa imemwosha kitu. Mtoto wa Borana anajua kwamba salamu hujibiwa kwa amani hata kama nyumba imeungua. Habari yenyewe husemwa baadaye, mgeni ameketi na maziwa yamo mkononi mwake. Asiyeketi hajaambiwa kitu. Dida alichukua salamu akadhani ni habari.

Laiti angeketi, angeambiwa. Kwamba ng'ombe wa baba yake walikwisha kwa kiu ndani ya kambi, wakilia kuelekea mtoni wasikoruhusiwa kwenda. Kwamba alibaki Boqe peke yake. Kwamba Mzee Galma kabla ya kuhama alimwachia Dahabo ng'ombe wa kukama, kama rafiki anavyomwazima rafiki aliyefilisika: mfugo ni wako kwa maziwa, ni wangu kwa masikio. Anayeazima hivyo haendi akitangaza. Hata barua iliyompa Dida habari za kifo cha Galma haikusema.

Jina la baba lisingemtwalia mtu ng'ombe yeyote zizini. Jina la marehemu lilikuwa limewatwaa wote wanaomnywesha mtoto wa dada yake.

"Nani analia kule?" Rimberia aliuliza. "Mlete."

Emuria alimwingiza Dahabo kwa mkono, mtoto mgongoni. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imetokeza chini ya kanga, lakini alisimama wima.

"Ng'ombe hawa ni wako?"

"Nakama mimi."

"Sikuuliza unakama nini. Galma ni nani yako?"

"Rafiki wa baba yangu. Ameniazima maziwa."

"Ameazima maziwa!" Rimberia aliwageukia askari. "Mmesikia? Kwetu Meru tunaazima jembe. Hawa wanaazima matiti." Askari wakacheka. "Mama, ng'ombe wa Galma alikamatwa pamoja na shifta. Ng'ombe wa Galma wanalala kwako. Basi shifta anakula kwako."

Dahabo hakumtazama tena. Alikuwa ameiona ile kofia pana, na chini ya kofia alikuwa ameona kidevu anachokijua. Akasema kwa Kiborana, haraka: "Aabo amefika kwako?"

"Anasema nini?" Rimberia aliuliza.

Amefika kwangu kufanya nini? Dida hakuelewa, na hakuwa na nafasi ya kuelewa.

"Anauliza mtoto wake atakunywa nini, afande."

"Atakunywa maji kama sisi." Rimberia alimsogelea Dahabo, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwa Dida. "Huyu kijana unamjua? Naona unamwangalia sana."

Dahabo alingoja. Hakungoja Inspekta, alimngoja ndugu yake. Neno moja tu lilitosha: afande, nimekosea, ng'ombe ni wa baba yangu. Neno hilo lingemrudishia maziwa yake, na lingemfukuza Dida chuoni, na pengine lingemtia pingu.

Dida aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Huyu?" Dahabo alisema kwa Kiswahili, taratibu, kila mtu asikie. "Simjui. Ndugu yangu angesimama."

Askari wawili wakampakia kwenye Landrova pamoja na mtoto, wakaondoka naye kuelekea mjini; Inspekta akabaki. Vumbi lilikuwa bado halijatulia Daktari Pringle alipotoka hemani mwake akifuta miwani, uso umejaa furaha.

"David, una bahati, kijana!" Alimwita David tangu siku ya kwanza, na Dida hakumsahihisha. "Inspekta ametupatia hawa waliotwaliwa. Bure! Tutawaambukiza, tutawachinja mmoja mmoja, tutatazama mapafu yanavyooza. Utafiti mzima utakuwa wako. Nitamwandikia profesa wako leo leo. Je, hukuwa unatafuta nafasi?"

"Nilikuwa naitafuta, bwana daktari."

"Basi sema asante."

"Asante, bwana daktari."

Alisema. Masikio yake mwenyewe yalisikia.

Emuria alifungua mlango wa kishoroba ili Boqe atoke. Boqe alitoka polepole, damu imekauka shavuni. Kulikuwa na njia ya kwenda zizini, na kulikuwa na majani kidogo karibu na hema. Hakuangalia hata kimoja. Alipita katikati ya askari, akampita Inspekta, akamfikia Dida, akaingiza pua yake chini ya kwapa la koti lake na kutulia pale kama mtu aliyefika nyumbani.

Askari wakageuka kumtazama Dida.

"Haya," Rimberia alisema polepole. "Anakujua."

"Anataka chumvi, afande. Ng'ombe yeyote hufuata chumvi."

"Mimi nina jasho zaidi yako na hakunifuata." Inspekta alichomoa bastola, akaishika kwenye mtutu, akamnyooshea mpini. "Kama ni wa Galma, si kitu chako. Mpige."

"Afande, mimi ni mwanafunzi..."

"Wa kutibu ng'ombe. Ndiyo. Leo utajifunza ile nusu nyingine."

Dida alimtazama Daktari Pringle. Labda mzungu atakataa, labda atasema jambo la kistaarabu. Daktari alivaa miwani yake.

"Kichwani, tafadhali," alisema. "Mapafu nayahitaji."

Bastola ilikuwa nzito na ina joto la mkono wa mtu mwingine. Boqe alilamba kifundo cha mkono ulioishika. Dida alifikiri juu ya mwaka wa nne. Alifikiri juu ya meli ya kurudi, juu ya shahada, juu ya siku atakayorudi Isiolo ni daktari kamili, aununue upya kila mfugo uliopotea, ampe dada yake zizi zima. Nitalipa yote, alijiambia. Nipeni mwaka huu tu, nitalipa yote.

Akaweka mtutu kwenye baka jeupe.

Mlio uliwarusha ng'ombe zizini. Boqe alipiga magoti ya mbele kwanza, kama anavyolala jioni, kisha akaanguka ubavu.

Na ndani ya lori, chini ya turubai, mdomo uliokataa kufunguka tangu jana ulifunguka.

"Boqe!"

Ilikuwa sauti ya mzee. Haikuwa ya shifta, haikuwa ya kijana. Dida aliijua kabla mwangwi haujarudi. Ilikuwa imemwita kwenda malishoni, ilikuwa imemfundisha kukata sikio bila kutetemeka, ilikuwa imeuza fahali wake bora ili yeye avuke bahari.

Rimberia alitabasamu. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Kumbe anaongea. Mshusheni."

Walimshusha Mzee Isacko, baba yake Dida, bega limefungwa kitambaa kilicholowa damu, na kibuyu cha maziwa bado kinaning'inia shingoni kwa ukanda wake, kimepasuka, kimekauka. Akauangalia mzoga. Akamwangalia kijana aliyeshika bastola. Akasema kwa Kiborana, si kwa hasira, kwa uchovu tu: "Nilikuwa namleta kwako. Dada yako alisema huna wakati wa kuja kuketi. Nikasema nitakuletea maziwa na mwenye maziwa."

"Tafsiri," Rimberia aliamuru.

Dida alikitazama kile kibuyu kilichopasuka.

"Anasema... anaomba maji, afande."

"Mpeni maji."

Mzee alipewa maji. Alikunywa, akajipangusa ndevu, akamtazama mwanawe kwa mshangao, kama anayesoma sikio la ng'ombe mgeni na kushindwa kulijua boma lake.

"Sasa mwulize," Rimberia alisema. "Mwulize kama ana mtoto wa kiume."

Dida alimwuliza. Alimwuliza baba yake mwenyewe, kwa lugha ya mama yake, kama ana mtoto wa kiume. Akaomba kimoyomoyo jibu lije kwa Kiborana, apate kulipindisha.

Lakini Mzee Isacko alikuwa ameuza ng'ombe katika soko la Isiolo maisha yake yote, kwa Wameru, kwa Wasomali, kwa wazungu, na Kiswahili hakikuwahi kumshinda. Hakumjibu mkalimani. Alimgeukia Inspekta moja kwa moja.

"Nilikuwa naye, afande," alisema. "Alienda kusoma ng'ambo. Hakurudi."

Upepo ulivuma kutoka Ngaremara, ukapeperusha turubai la lori. Rimberia aliutazama uso wa mzee, paji lake pana, kidevu chake chenye kishimo. Kisha polepole sana akaligeuza jicho lake upande wa pili, kwenye kidevu kingine kilichojificha kivulini.

Akanyoosha mkono, akaichukua bastola yake.

"Msomi wa Marsabit," alisema. "Vua hiyo kofia."